Majani ya Mpera

"Dawa zako ziko wapi, Mzee Chande?"

"Nimezimwaga chooni, sista. Redio imesema majani ya mpera yanaponya presha."

Muuguzi Leokadia alikuwa ameusoma utafiti ambao redio iliutangaza. "Walijaribu kwa panya ishirini, baba. Tisa hawakupata nafuu. Watafiti wenyewe wanasema bado hawana hakika."

"Redio haikutaja panya."

"Hilo ndilo linaloniudhi!"

"Mtangazaji hakusita hata kidogo. Wewe kila nikija, ni tuone, tusubiri."

Leokadia alimwomba Mungu subira, akamfunga mzee mkanda wa kipimo mkononi, akaanza kuujaza upepo. Zebaki ya kipimo ilipanda, ikapita mia mbili, na vidole vyake bado vilihisi mshipa wa mzee ukipiga: presha ilikuwa juu mno. Mzee Chande alikuwa akitabasamu, akingoja kuambiwa kwamba amepona.