Anga Imefungwa Juu ya Likasi

"Geuka, rudia kule ulitoka," redio ilisema tena. "Anga imefungwa."

Hilaire alizungusha kindege chake juu ya moshi wa kiwanda cha Shituru. Mshale wa mafuta ulikuwa umelala chini kabisa. Alikotoka asingefika tena. Nyuma yake, abiria wake wa pekee alikuwa amejikunja, viatu amevua, koti kichwani, akitapika ndani ya mfuko wa plastiki.

"Nani aliifunga, mama Georgette? Na mpaka saa ngapi? Pilote iko na haki ya kuambiwa mbele ya kuruka, haiko kisha."

"Amri ilitoka juu."

"Juu njo hapa kwenye niko. Sikuona muntu."

Kule mnarani Georgette alianza kucheka, akakumbuka kwamba redio husikilizwa, akakohoa.

"Mukubwa anakuya na ndege kubwa ya Kinshasa, kama haikuharibika tena. Mpaka ashuke, hata kunguru haruki."

"Mukubwa gani?"

"Unataka banifukuze kazi? Jina haipite ku redio."

Watu wa Likasi tunaijua amri hiyo. Mkubwa akipita, barabara hufungwa. Wanawake wamezalia kwenye foleni yake, maiti zimesubiri juani zikielekea makaburini, na hakuna aliyekuja hata siku moja kusema pole. Hatujasahau. Barabara haikuwatosha, sasa wamepanda mpaka mawinguni.

"Niko na mugonjwa," Hilaire alisema. "Anakuwa vibaya."

"Jina yake?"

Hilaire aligeuka. Chini ya koti, kichwa kilitikisika: hapana.

"Anakatala jina yake ipite ku redio."

"Basi huyu haiko mugonjwa. Ni mutoro."

"Baambie haki yako, kijana," mgonjwa alinguruma kutoka ndani ya mfuko. "Basikuonee. Hii inchi banaizoea vibaya."

Hilaire alijiona mtu. Miaka yote amekuwa akiisoma sheria ya anga peke yake, na hakuna abiria aliyewahi kumuunga mkono.

"Sikia vizuri, mama: urgence. Mafuta inaisha. Mu hatari, chef ni pilote, haiko munara. Miye nashuka."

"Urgence haiko mu programu ya leo."

"Basi iongeze."

Akashuka.

Uwanjani matarumbeta yalikuwa tayari, zulia jekundu limetandikwa juu ya vumbi, na akina mama wamevaa vitenge vyenye uso wa Mkubwa, wengine wakiwa wameukalia. Wote walikuwa wakitazama mbinguni, wakitafuta ndege kubwa. Kindege cha Hilaire kilipita mbele yao kikikohoa, hakuna aliyepiga hata kofi moja.

Kamanda Philippe wa polisi ndiye aliyekikimbilia, kofia mkononi, jasho shingoni.

"Toa hii takataka hapa. Mukubwa atafika sasa hivi."

"Kamanda, sheria inanipa haki ya..."

"Sheria itakukuta mu kashoti ya polisi. Rudia juu na mugonjwa wako, ama nafunga weye na yeye."

Hilaire alimtazama kamanda, akatazama zulia, akatazama ule uso kwenye vitenge. Kisha akafungua mlango wa nyuma na kuliondoa lile koti taratibu.

"Excellence," alisema, "banasema turudie juu. Bado hamujafika."