Sifuri ya Ndelwa

Sheria inasema mjane ni mke wa mtu mpaka maiti ianze kuoza, na maiti za siku hizi haziozi. Mume wangu Ndelwa amelala sebuleni ndani ya sanduku la kioo lililojaa naitrojeni, kama baba yake alivyolala kwa mama mkwe tangu sijaolewa. Uso wake ni uleule wa siku aliyonivunja mkono.

Kila asubuhi mama mkwe huja kuangalia kipimo cha oksijeni, hewa inayoozesha. Kikionyesha hata chembe, huita fundi.

Mwezi uliopita mpira wa kifuniko ulianza kuvuja. Nikanyamaza. Kipimo husawazishwa kwa gesi safi ya mtungi, ili kijue sifuri ni ipi. Mimi nilikipa hewa ya mlemle sandukuni, nikakiambia hiyo ndiyo sifuri. Kikipanda tena, narudia.

"Leo kinasemaje?" aliuliza mama mkwe.

"Sifuri, mama."

Aliinama, akazitazama kucha za mwanawe zilizoanza kuwa nyeusi. Nikasubiri ukelele. Akatoa leso, akafuta kioo taratibu.

"Kesho uje kwangu, mwanangu," alisema. "Ukanisawazishie na cha baba yake."