Bango la Radi

Kitambi ndicho kilichoondoka kwanza. Fundi picha alikizungushia mstari kwa kipanya, akakibana kidogo kidogo, na mtu aliyejaa kama gunia akabaki na kiuno cha mcheza mpira. Kisha akahamia kwenye upara. Aliazima nywele kutoka picha nyingine, akazipandikiza kichwani, akaegemea kiti na kujipongeza.

Alikuwa na sababu ya kujituma. Tangu afungue kiduka chake, kazi zake zilikuwa matangazo ya vifo na kadi za kumbukumbu. Mkewe humtania kwamba ana bahati ambayo mafundi wengine hawana, kwani wateja wake wote ni marehemu, na marehemu halalamiki. Fundi hucheka, lakini moyoni humuuma. Sasa mwenye ukumbi mkubwa wa mjini alikuwa amempa bango la Radi. Radi akiridhika, mabango yote ya ukumbi yatakuwa yake. Asiporidhika, arudi kwa marehemu wake.

Radi alikuwa ameishi ng'ambo miaka mingi bila kupanda jukwaani. Nyimbo zake zilipovuma fundi alikuwa bado mtoto, na sura hakuwahi kuiona. Lakini sauti nani asiyeijua? Alikuwa ameziweka nyimbo zenyewe redioni ili kazi imwingie damuni. Ilikuwa sauti nene, ya chini kabisa, na kila ilipofika kwenye kiitikio, kopo la kalamu mezani lilitetemeka. Mwenye sauti hii, fundi aliwaza, hawezi kuning'inizwa mjini na kitambi.

Asubuhi ya siku hiyo walikuwa wameingia wawili. Mbele mwanamume wa koti la ngozi na miwani myeusi, gitaa mkononi, funguo za gari zikimning'inia kiunoni. Nyuma yake mama mtu mzima, skafu imemzunguka shingo mpaka kidevuni, amekumbatia chupa ya chai. Fundi alimwamkia shikamoo. Mama akainamisha kichwa tu.

"Usimchukulie vibaya," mwanamume alisema. "Leo hajibu mtu."

Fundi akampa pole ya jino, maana ile skafu ilijieleza yenyewe.

Picha waliyoleta ilimwonyesha mwanamume amesimama na gitaa, na mama ameketi pembeni yake. Maelezo yalikuwa machache: msanii abaki peke yake, na apunguzwe umri kidogo. Mama alipotangulia nje, fundi aliuliza kwa sauti ya chini kama aguse na kitambi.

"Kitambi hiki?" Mwanamume alijitazama, akacheka. "Ukikiweza, mke wangu atakuombea dua."

Kisha akatoka mbio kumfungulia mama mlango wa gari. Fundi alifurahi kuona vile. Jina kubwa namna ile, na bado anamnyenyekea mzazi wake. Watoto wa siku hizi wangekuja wajifunze.

Kwa hiyo ilimwia vigumu kidogo kumtoa mama. Mwili ulifutika upesi, ila mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika shingo ya gitaa na haukutaka kuachia. Fundi akaikuza picha. Ncha za vidole zilikuwa na sugu ngumu. Akamhurumia: jembe hilo, na bila shaka ndilo lililomnunulia mwanawe gitaa la kwanza. Alimwomba radhi kimoyomoyo, akafuta kidole kimoja kimoja, akaziba pengo kwa moshi na taa za jukwaani. Mabaki ya mama aliyatupa kwenye pipa la kompyuta, na pipa akalimwaga, maana hakupenda uchafu.

Mkewe alipoletewa kazi aitazame, alisema mtu huyu amekuwa mzuri mpaka anatia shaka. Fundi akamjibu kwamba bango halitundikwi ili lishuhudie mahakamani. Mwenye ukumbi alikuwa safarini, na kwa simu aliagiza lichapwe na kutundikwa mara moja.

Kesho yake bango lilifunika ukuta mzima wa mbele wa ukumbi: RADI AMERUDI. Fundi alikwenda kulitazama akajificha ng'ambo ya barabara kama bwana harusi mwenye haya. Vijana walipita wakipiga nalo picha. Watu wazima walisimama, wakatazamana, wakaondoka wakitikisa vichwa. Fundi akajua wameguswa.

Alasiri gari lilisimama mbele ya kiduka. Mwenye ukumbi aliingia wa kwanza, jasho likimtoka, na hakusalimia. Akafuata mwanamume wa koti la ngozi, ambaye leo alikuwa amevaa kofia na kuuma midomo asicheke. Mwisho akaingia mama na chupa yake ya chai. Fundi alizima redio kwa heshima ya wageni, akakifuta kiti chake cha pekee kwa kiganja, akamsogezea mwanamume.

"Karibu, Radi. Natumaini umeridhika."

Mwanamume alikitazama kiti kama kimewekwa miiba. Akakichukua, akakipeleka nyuma ya mama, na mama akaketi. Alijimiminia maji ya moto, akanywa taratibu, akafunga chupa. Kisha akaanza kuifungua skafu, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka shingo ikabaki wazi.

"Mwanangu," alisema, na kopo la kalamu likatetemeka juu ya meza, "dereva wangu amependeza. Sasa nitafute na mimi, umenitupa wapi?"