Kongoni Aliyeshinda Akiwa Amelala

Zamani, wanyama walipokuwa bado wakiombana kura, Kongoni hakuwa na mpinzani katika mbio. Fisi, tajiri wa mji, aliuza soda zenye picha ya Kongoni. Kiboko, mtawala, alimvisha medali. Mbio zenyewe ziliishia nyuma ya kilima, ambako mashabiki hawakuweza kuona, kwa hiyo Kasuku aliwatangazia akiwa juu ya mti.

Mwaka huo Kongoni alikuwa hoi. Goti lilikuwa limevimba, na malisho ya ukoo wake yalikuwa yamegeuzwa uwanja. Kila alipouliza, Kiboko alimjibu, "Subiri uchaguzi upite." Basi alipofika nyuma ya kilima akajilaza.

"Leo sikimbii," alijisemea huku akina Nyumbu wakimpita. "Tuone watauza nini."

Kasuku akamtazama pale chini, kisha akawageukia mashabiki. "Huyooo Kongoni! Anapaa! Kamaliza!"

Vifijo vikatikisa kilima.

Kongoni akachechemea hadi kwenye geti la uwanja ule, akamkuta Nguchiro, mlinzi.

"Tiketi?"

"Mimi ndiye Kongoni."

"Mzee wangu, usinitanie. Kongoni kashinda kitambo. Mheshimiwa anampokelea kombe saa hii."

Ndani, Kasuku alikuwa akisoma salamu za Kongoni, za kumshukuru Mheshimiwa kwa uwanja mzuri. Wote wakasimama kupiga makofi. Kongoni akabaki nje ya seng'enge, akavuta kwa ulimi majani machache yaliyochomoza chini yake, akayatafuna polepole. Yalikuwa bado na utamu wa nyumbani.