Mpishi Wetu

Kitendawili! Nilimbeba mgongoni, lakini mbele ya mgeni hanijui. Haya, fikirini.

Mjukuu wangu Dorca alikuwa kwenye simu ya video, akipiga gumzo la Kikorea na rafiki yake wa huko. Lugha hiyo ameijulia kwenye drama tunazotazama pamoja. Mimi nilikuwa nyuma yake nikipara ngege, samaki wa ufuo wa Dunga.

"Nani huyo?" rafiki akauliza.

"Mpishi wetu," Dorca akamjibu.

Hakujua kwamba Kikorea nami nakisikia. Niliona aibu, nikaficha vidole vyangu vilivyojaa magamba.

"Mbona mnafanana?" rafiki akauliza tena.



Nikajifuta kwa leso, nikaishika simu kwa mikono miwili, kama wanavyofanya kwenye drama zile wakionyesha heshima. Nikajibu kwa Kikorea:

"Mimi ni nyanya yake."