Machozi ya Nguchiro Barazani

Wanyama walipochoka kuviziana, waliitisha baraza la kusema ukweli na kupatana. Wa kwanza kuitwa mbele alikuwa Nguchiro, aliyewamaliza vifaranga wa Kanga.

Kwa kulia, hakuna aliyempata Nguchiro. Katika kuungama kwake, alipofika kwenye kifo cha kifaranga wa mwisho alijitupa chini, akagaragara, machozi yakamchuruzika hadi kidevuni. Ukumbi mzima ukalia naye.

Korongo, mwenyekiti wa baraza, akapangusa macho. “Mama Kanga, msamehe. Si umejionea mwenyewe?”

“Nitamjibu,” akasema Kanga. “Ila kwanza naomba nyote mtoke nje, tubaki sisi wawili.”

Wakatoka huku wakinung’unika. Nguchiro akavitazama viti vitupu, akainuka, akajikung’uta vumbi na kuanza kujilamba masharubu.

“Mbona umenyamaza?” Kanga akamuuliza.

“Sasa nimlilie nani, Mama Kanga? Si watazamaji wametoka?”

“Mimi niliyefiwa nipo.”

Kanga akaenda mlangoni, akapaza sauti:

“Rudini! Mchezo umekwisha. Sasa atuambie mifupa ya wanangu aliitupa wapi.”