Mbao za Mchangani

Kila mtoto alikuwa amelala kifudifudi juu ya ubao uliochorwa kwa kidole mchangani. Mbao halisi za kutelezea mawimbini zilikuwa mbili tu, zimeegemezwa ukutani, kavu tangu asubuhi.

"Piga kasia! Simama!" alifoka Mwalimu Saumu, akizunguka kati yao bila kutulia.

Waliruka wakasimama, magoti yamekunjwa, mikono imenyooshwa.

"Nani kakwambia usimame kama mlingoti? Rudieni!"

Walirudia mpaka mchanga ukawaingia masikioni. Batuli, mdogo kuliko wote, akauliza, "Mwalimu, leo tunaingia?"

"Mkishajua kusimama."

"Hata jana ulisema hivyohivyo."

Wenzake wakacheka. Saumu akaufuta ubao wa Batuli kwa kisigino, akauchora upya palepale, ingawa haukuwa na kasoro. Hakuna mtoto aliyewahi kumwona akilowa kupita vifundo vya miguu.

Maji yalikuwa yanajaa. Povu likaja likafuta ubao wa kwanza, na mwenyewe akakimbia akipiga kelele.

"Sogeeni juu! Tutachora nyingine!"

Batuli hakusogea. Wimbi lilimfikia, likamwinua, naye akapiga kasia kwa mikono yote miwili, kama alivyofundishwa. Wimbi lilirudi naye.

Saumu alimfikia maji yakiwa kiunoni, akamshika tumbo kwa chini.

Batuli akatema maji. "Mwalimu, sasa nisimame?"

Saumu akainamisha kichwa kuitafuta miguu yake mwenyewe. Hakuiona.